Skolastika Bukuru na Hedi ya 308

Injini ya boti ikifunguliwa pale Kibirizi, kitu cha kwanza kutolewa ni hedi, kile kipande kizito cha chuma kinachofunika silinda kwa juu na kubeba vali. Mafundi wengi huilaza juu ya gunia na kuanza kutafuta ufa. Skolastika Bukuru haanzi na ufa. Huchukua brashi ya waya na mafuta ya taa, akasugua ubavu wa hedi mpaka rangi, masizi na kutu viondoke. Kisha huweka karatasi nyembamba juu ya mahali palipovimba na kupitisha kipande cha mkaa taratibu, kwa ulalo. Namba hutokea kwenye karatasi, nyeusi na kubwa, hata mwenye macho mabovu akaziona.

Namba hizo hazikuandikwa baada ya hedi kutengenezwa. Zilikuwa tayari ndani ya kalibu, na chuma kilipomiminwa kikiwa uji wa moto kilizichukua pamoja na umbo lake lote. Ndiyo maana zimechomoza, na kidole chenye grisi huzipapasa bila kuangalia. Skolastika huziita namba za kuzaliwa. Husema kwamba hedi inaweza kubadilishwa rangi, vali na hata mmiliki, lakini hakuna atakayeirudisha tumboni izaliwe upya.

Ana miaka hamsini na moja. Alimaliza darasa la saba kwao Mwamgongo, na alipofika Kibirizi alikuwa na binti mmoja mgongoni, Yunisi, na beseni la maandazi kichwani. Maandazi aliyafunga kwa karatasi za madaftari ya zamani. Mteja wake mmoja, Fundi Jean, Mkongomani aliyezeekea kwenye fukwe za Kigoma, alikuwa na tabia iliyomtatiza.

"Wewe baba," alimwambia siku moja, "unakula andazi moja na karatasi nne. Maandazi yangu ndiyo mabaya, au karatasi ndiyo tamu?"

Jean alicheka, akampeleka kwenye meza yake, akamwonyesha. Hedi moja ilikuwa nzito kupita gunia la mchanga, na spea yake haikupatikana Kigoma. Ilibidi iagizwe Kalemie au Bujumbura. Kwa kuwa hedi mbovu haikuweza kuvushwa ziwa ili ikalinganishwe na nzima, Jean alivusha karatasi. Alichukua chapa ya namba kwa mkaa, akaikunja, akawapa wafanyakazi wa boti. Muuzaji wa ng'ambo aliiweka karatasi kando ya vyuma vyake mpaka akapata namba iliyofanana. Hapakuwa na haja ya Kifaransa wala Kirundi.

Siku moja karatasi ililowa njiani, na Jean hakuwa na nyingine. Boti ilikaa bila injini karibu mwezi mzima. Skolastika alimwambia, "Ungepiga chapa mbili, moja ukanipa mimi niitunze, leo usingekuwa umeshika tama." Hedi iliyofuata Jean alipiga chapa mbili.

Hivyo ndivyo daftari lilivyoanza. Kila ukurasa ulikuwa na chapa moja, jina la boti, tarehe ambayo hedi ilifungwa, na chini nafasi wazi. Nafasi ile ndiyo iliyokuwa wazo la Skolastika mwenyewe. Hedi iliporudi, aliandika imerudi lini na imerudi na nini. Kutoka kutunza karatasi alihamia kusugua hedi, kutoka kusugua akahamia kufungua bolti, na baada ya miaka minne beseni la maandazi aliliachia jirani yake.

Katika mwaka wa sita aliona jambo. Injini nyingi za boti za abiria zilikuwa zimetolewa kwenye malori madogo, na hedi zake zilikuwa za aina mbili zilizofanana kama mapacha. Bolti zilikuwa zilezile na gasketi ilikuwa ileile. Namba ya moja iliishia na 308, ya pili iliishia na 312. Alihesabu kurasa zake. Hedi kumi na moja za 308 zilikuwa zimefungwa kwenye boti. Tisa zilirudi zimepasuka, zote kwenye silinda ya tatu, katikati ya vali mbili. Za 312 zilikuwa kumi na nne na ilirudi moja tu, tena kwa sababu mtu alisahau kuzibua bomba la maji.

Jean alizipitia kurasa zile muda mrefu. "Zote hizi nimezifunga kwa mikono yangu," alisema mwishoni, "na sikuona. Nilikuwa naziona moja moja."

Walichukua hedi mbili mbovu, moja ya kila namba, wakazikata katikati kwa msumeno wa chuma. Kazi hiyo iliwachukua siku tatu na misumeno mingi. Ndani ya ile ya 312, nyuma ya silinda ya tatu, njia ya maji iliingiza dole gumba. Ndani ya ile ya 308, kidole kidogo cha Skolastika kilikwama. Bila shaka waliotengeneza waliliona tatizo, wakapanua njia na kubadilisha namba. Kwenye lori kasoro hiyo haionekani upesi, kwa sababu lori likipanda mlima hushuka, na likishuka injini hupumua. Boti inayotoka Kibirizi kwenda Kagunga hukaza mwendo uleule saa sita, saba, nane. Ziwani hakuna mteremko.

Jean alipofariki aliacha meza ya mninga yenye jiliwa zito la kubania vyuma, na mahali pa kazi palipo karibu na maji kuliko pote. Fundi wa pale hana haja ya kubeba injini mbali, na wenye boti humfikia wa kwanza. Mafundi walitaka kugawana vyote viwili. Skolastika alipanda juu ya meza akakaa. Walimwambia ashuke, akasema atashuka watakapomletea hedi ambayo hawezi kuitaja namba yake akiwa amefumba macho. Walimletea tano. Alizipapasa na kuzitaja zote tano, na kwa mbili aliongeza majina ya boti zilikotoka. Tangu siku hiyo meza ikawa yake, ingawa kuna waliobaki wakimwita Mama Maandazi.

Miaka kumi na mitatu ilipita kabla meza ile haijatikisika tena. Ilikuwa kiangazi cha mwaka jana, na aliyeitikisa alikuwa Mzee Amuri wa Ujiji, mwenye boti iitwayo Tupendane, inayobeba abiria na mizigo kati ya Kibirizi, Mwamgongo na Kagunga. Hedi ya Tupendane ilikuwa imepasuka, na boti ilikuwa imelala mchangani siku kumi na mbili. Asubuhi moja Amuri alifika na hedi nyingine kwenye mkokoteni, imepakwa rangi ya kijani inayong'aa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mama Yunisi. Nimeiletea injini yangu mchumba."

"Namwona, na kajipamba kweli. Ngoja nimuulize ukoo wake."

Alisugua rangi, akaweka karatasi, akapitisha mkaa. Namba ilitokea, lakini ilitokea nyeupe katikati ya weusi. Iliishia na 312. Skolastika aliitoa karatasi, akaitazama kwa mbali, kisha akapitisha kidole juu ya chuma. Namba haikuchomoza. Ilikuwa imezama. Mtu alikuwa ameisaga ile ya kuzaliwa kwa grenda, akagonga nyingine juu yake kwa patasi za namba.

"Mzee, huyu amebadilisha jina ukubwani."

"Una maana gani?"

"Nipe dakika tano nitakuonyesha."

Alifungua mfuniko wa vali. Chini yake, karibu na ukingo, kiwanda huweka namba ileile mara ya pili, kwa herufi ndogo kama punje za mchele, na wachache sana wanalijua hilo. Skolastika alipasafisha kwa ncha ya kitambaa, akaushika mkono wa Amuri na kuuongoza mpaka hapo. Namba ilikuwa imechomoza. Iliishia na 308.

Amuri alimpigia simu muuzaji. Gasper, mwenye duka la spea zilizotumika kwenye barabara ya Mwandiga, alifika kwa bodaboda, na hakuonyesha aibu yoyote.

"Ndiyo, niligonga mimi," alisema. "Nifanyeje? Ninyi watu wa boti mmetishwa na daftari la huyu mama. Mtu anaingia dukani, hata salamu hajatoa, anauliza ni tatu kumi na mbili? Chuma ni kilekile, Mzee. Injini ni ileile. Nimekurahisishia."

"Umenirahisishia kwa kunidanganya," alisema Amuri.

"Nimekudanganya namba, sikukudanganya chuma."

Mabishano yaliwavuta mafundi wengine, na mbele yao alikuwepo Thobias, mwenyekiti wao. Thobias si mtu mbaya. Alisoma ufundi chuoni, anachomelea vizuri kuliko mtu yeyote Kibirizi, na anapenda jambo lithibitishwe. Alitoa simu, akaandika namba zote mbili na kusoma kilichotokea. Orodha ya spea ilisema kwamba 308 na 312 zinaweza kufungwa kwenye injini ileile, moja mahali pa nyingine.

"Umesikia?" alimwambia Skolastika. "Wenye injini wamesema."

"Wamesema inaingia. Hata mimi nasema inaingia. Hiyo simu imewahi kwenda Kagunga?"

Watu walicheka, Thobias hakucheka. Aliagiza chaki. Kupima ufa kwa chaki ni njia ya zamani na ni ya haki: uso wa hedi hupakwa mafuta ya taa, huachwa yapenye, hufutwa mpaka pakauke, kisha hupakwa chaki. Kama kuna ufa, hata mwembamba kama unywele, mafuta yaliyojificha ndani yake hurudi juu na kuilowesha chaki. Thobias alipima silinda zote nne. Walisubiri. Chaki ilibaki nyeupe kila mahali.

"Kavu," alisema Thobias. "Fundi Skola, tuwe wakweli. Hedi hii ina ufa au haina?"

"Leo haina."

"Basi ifunge."

"Siifungi. Itapata ufa ikiwa ziwani, na ndani watakuwemo watu."

Aliwaletea vipande vya hedi walizozikata na Jean, akawaonyesha njia mbili za maji. Gasper alisema ile nyembamba ilizibwa na kutu. Aliwaletea daftari. Thobias alifungua kurasa chache, akalirudisha. Alisema kwamba mkaa hauonyeshi kilichopasua hedi, na huenda manahodha wale walikuwa wazembe.

"Manahodha tisa," alisema Skolastika. "Wote wazembe kwenye silinda ya tatu."

Amuri alikuwa katikati, na alistahili kuhurumiwa. Abiria wake walikuwa wakihamia boti nyingine kila siku, na kupata 312 ya kweli kutoka ng'ambo kungechukua wiki tatu nyingine. Aliuliza kwa sauti ya chini kama Mama Yunisi hawezi kumsaidia mara hii moja, kwa muda tu.

"Mzee, nimekula chumvi yako miaka mingi na nakuheshimu," alijibu. "Lakini mama yangu mzazi yuko Mwamgongo, na akija mjini anapanda boti yako. Sitaweza kumwambia apande kwa muda."

Kesho yake saa nne asubuhi mafundi walikutana. Thobias alieleza kwamba nafasi za ufukweni ni mali ya umoja wao, na nafasi ya karibu na maji ni ya anayefanya kazi zinazoletwa. Anayekataa kazi ya mwenye boti anawanyima mkate wenzake wote, kwa sababu wenye boti watahamia Ujiji. Alimpa Skolastika fursa ya mwisho. Aifunge hedi ya Tupendane, au apishe.

Skolastika alisimama. "Meza chukueni," alisema. "Mkono wangu hamuupati."

Alichukua daftari, brashi yake na kopo la mkaa, akaondoka. Meza na jiliwa lake vilibebwa vikawekwa nyuma ya vibanda, palipokuwa pakirundikwa nyavu mbovu. Hedi ya kijani ilifungwa na Thobias mwenyewe. Siku ya tatu Tupendane iliingia majini, ikaenda Kagunga na kurudi salama. Iliporudi, mafundi wawili walipita mbele ya Skolastika wakiulizana kwa sauti kama maandazi ya leo yako tayari.

Walimkuta ameketi juu ya kreti lililopinduliwa, palepale abiria wanapopandia. Hakuwa amekwenda mbali. Hakuna umoja wa mafundi unaogawa nafasi za kukaa chini. Hakuhubiri na hakumzuia mtu, alikaa tu na daftari lake magotini, na wale wenye boti ndogo waliomwamini walimletea vyuma vyao hapohapo.

Wa kwanza kumuuliza alikuwa Devota, mwanamke wa Mwamgongo anayeleta dagaa mjini kila wiki, aliyemwamkia kwa Kiha.

"Mwakeye, mama. Mbona uko kwenye jua kali? Meza imekwenda wapi?"

"Imekwenda kupumzika."

"Nasikia ni kwa ajili ya Tupendane."

"Kwa ajili ya hedi yake."

"Mimi hedi siijui. Niambie kama unavyomwambia mtu mjinga."

Skolastika alimfungulia daftari. Hakumwambia kwamba boti itazama, kwa sababu hakulijua hilo. Alimwonyesha kurasa kumi na moja, akamsomea yaliyoandikwa chini ya kila chapa. Imerudi, imepasuka, silinda ya tatu. Imerudi, imepasuka, ilizimika mbele ya Gombe, wakavutwa. Imerudi, imepasuka, walipeperushwa mpaka Burundi, siku mbili. Devota alihesabu kwa vidole, naye si mtu wa kuhesabu kwa haraka.

"Na iliyomo mle ni ya kumi na mbili?"

"Ni ya kumi na mbili."

"Basi dagaa wangu watapanda boti nyingine. Na mimi nitakaa juu yao nisianguke."

Devota ana sauti, na ana wenzake. Katika wiki ile wanawake wa dagaa wa Mwamgongo waliacha kupanda Tupendane. Wiki iliyofuata waliacha wauza mawese na wauza vitenge wa Kagunga. Walifika ufukweni na mizigo kichwani, wakamuuliza nahodha swali ambalo kabla ya hapo hakuna abiria aliyewahi kuliuliza pale Kibirizi: injini yako ina hedi gani? Manahodha wa boti nyingine walianza kujibu kabla hawajaulizwa. Mmoja aliandika 312 kwa chokaa ubavuni mwa boti yake, na Skolastika alipokwenda kuipima akakuta ni kweli.

Thobias alimfuata penye kreti. "Unaharibu kazi ya mtu," alimwambia. "Hii ni fitina. Tunaweza kukushtaki."

"Nishtaki. Nitakwenda na daftari. Hakimu naye atataka kujua nini kiliandikwa ukurasa wa tisa."

"Boti imekwenda Kagunga mara saba. Mara saba, Mama Maandazi. Imechemka?"

"Bado."

"Bado, bado. Wewe unaomba ipasuke ili usifiwe."

Hapo Skolastika alikasirika, na ni mara chache watu wamemwona hivyo. Alifunga daftari. "Kila inapoondoka nahesabu waliomo," alisema. "Kila inaporudi nawahesabu tena. Wewe uliyeifunga, umewahi kuwahesabu?"

Thobias aligeuka, akarudi kwa mafundi wenzake.

Mwisho wa wiki ya tatu Amuri alimfuata nyumbani kwake baada ya swala ya alasiri. Hakuingia ndani, alikaa barazani, akakataa chai, kisha akaikubali. Tupendane ilikuwa imetoka siku hiyo na abiria wanne.

"Mama Yunisi, watu wanakusikiliza wewe," alisema. "Sema neno moja tu. Sema umeiangalia."

"Nimeiangalia, Mzee, na ndiyo maana nimekaa juani."

"Basi unataka nini? Nikuombe radhi? Nakuomba. Gasper alinidanganya, na mimi nikakubali kudanganywa kwa kuwa nilikuwa na haraka."

"Sitaki radhi. Fungua injini. Thobias apime kwa chaki tena, kwa mkono wake, na akina Devota wasimame waone. Ikiwa kavu, nitapanda Tupendane siku hiyohiyo mbele yao wote, nishuke Mwamgongo kwetu, nisirudi Kibirizi kufanya ufundi. Meza mtakuwa mmeshaichukua, nami sitakuwa na neno."

Amuri alimwangalia. "Na ukishindwa utakula nini?"

"Maandazi naweza kupika."

Kesho yake boti ilivutwa mchangani. Watu walikuwa wengi kuliko siku ya kuondoka kwa meza. Wanawake walisimama mbele, mizigo chini. Gasper naye alikuja, kwa sababu Amuri alimwita, akasimama kando akitafuna muwa. Thobias alifungua bolti moja baada ya nyingine kwa utaratibu wake mzuri, akainua hedi pamoja na mwenzake, akailaza kifudifudi na kuigeuza. Aliisafisha, akapaka mafuta ya taa. Wakasubiri yapenye. Alifuta kwa kitambaa kikavu, akarudia kwa kingine, akapaka chaki silinda zote nne mpaka zikawa nyeupe kama ukuta mpya.

Silinda ya kwanza haikubadilika. Ya pili haikubadilika. Ya tatu nayo ilikuwa nyeupe, na watu waliendelea kusubiri, na mtu mmoja nyuma akauliza kwa sauti boti ya Mwamgongo inaondoka saa ngapi ili mama apate nafasi nzuri. Skolastika alikuwa amesimama na mikono nyuma.

Aliyeona kwanza alikuwa Thobias, maana ndiye aliyekuwa ameinama. Alichukua kitambaa, akafuta chaki ya silinda ya tatu, akapaka mafuta upya, akafuta tena kwa nguvu zaidi, akapaka chaki upya. Wakasubiri tena. Katikati ya vali mbili mstari wa kijivu ulianza kujichora, mwembamba, uliopinda kidogo, ukatoka vali moja mpaka nyingine.

Angeweza kusema ni jasho lake limedondoka. Angeweza kusimama mbele ya hedi, watu wasiione. Lakini aliuweka mkono juu ya hedi, akainuka, akawageukia watu.

"Imelowa," alisema. "Silinda ya tatu."

Devota aliinama kutazama, akainuka na kuwaambia wenzake kwa Kiha, na minong'ono ikapita ufukweni kote. Amuri alikaa kwenye ukingo wa boti yake akajishika kichwa. Ziwa lilikuwa mbele yake, na yeye alijua ni mara ngapi kwa wiki tatu alikuwa amewapeleka watu mle.

Gasper alitupa ganda la muwa. "Sawa, imepasuka," alisema. "Chuma chochote hupasuka. Nirudishieni basi, Mzee, nikutafutie nyingine. Hii nitaichomelea, kuna mtu Ujiji ana boti ndogo, kwake itamfaa."

Skolastika alimgeukia Amuri. "Mzee, hedi hii ni ya nani?"

"Ni yangu. Nilishaichukua."

"Naomba ruhusa yako."

Amuri hakuuliza ruhusa ya nini. Alitikisa kichwa kukubali.

Skolastika alichukua nyundo kubwa ya kupigia mihimili ya boti. Gasper alipoelewa alisogea mbele, akamkuta Devota amesimama njiani na wanawake wengine watano. Pigo la kwanza lilitoa cheche tu. La pili lilitoa kona. La tatu lilipita palepale kwenye mstari wa kijivu, na hedi ikafunguka vipande viwili, njia yake nyembamba ya maji ikiwa wazi kwa kila mtu kutazama. Aliendelea kupiga. Alipiga mpaka pakawa hapana kipande ambacho mtu angeweza kukichomelea, kukipaka rangi ya kijani na kukiuza Ujiji kwa mtu mwenye boti ndogo.

Alipoweka nyundo chini alikuwa anahema. Thobias alisafisha koo.

"Fundi Skola, ile nafasi..."

"Sijasema neno juu ya nafasi."

"Ni yako. Umoja hautapinga, nitawaambia mimi."

"Kuna jambo moja zaidi," alisema Skolastika. "Kuanzia leo hedi yoyote inayofungwa hapa inapigwa chapa kwanza, ya nje na ya chini ya mfuniko. Awe fundi gani. Hata wewe."

Thobias aliwaangalia wenzake, akawaangalia wanawake waliokuwa bado hawajanyanyua mizigo yao. "Hata mimi," alisema.

Meza ya mninga ilirudishwa alasiri hiyo kutoka kwenye nyavu mbovu. Kwa sababu ya jiliwa lake ilihitaji wanaume wanne, na Thobias alikuwa mmoja wao. Wale wawili waliouliza habari za maandazi walishika miguu ya nyuma. Jua lilikuwa kali, mchanga ulikuwa unateleza, na kila walipopumzika walimtazama Skolastika kama atawasaidia. Hakuwasaidia. Alikuwa amesimama mbali kidogo, na walipofika mahali ilipokuwa zamani wakataka kuitua, aliwaonyesha kwa kidole.

"Hapana," alisema. "Isogezeni mbele. Karibu zaidi na maji."